Fundo la Uzi Kwenye Ukosi

Watu wa Kariakoo waliniita Padre wa Askofu. Kwenye karatasi za misheni niliandikwa padre msaidizi tu, lakini sikumsahihisha mtu, kwa sababu jina lile lilinipendeza. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, nimepewa upadre juzijuzi, nina jozi mbili za viatu vya ngozi, na kila asubuhi nilisimama kwenye mlango wa nyumba ya Askofu nikiamua nani aingie na nani aende zake. Sikuwa mtu mpole. Walionijua enzi zile watasema hapo nimejipunguzia.

Nyumba ilikuwa upande wa mjini, karibu na bandari, kuta zake nyeupe zimeliwa na chumvi. Askofu alikuwa Mwingereza mrefu, mzee, aliyefika nchi hii kabla ya vita ya Wajerumani na kujifunza Kiswahili chake Unguja, Kiswahili cha adabu nyingi, cha niwie radhi na tafadhali hata kwa mpishi. Alianza siku kabla ya jua kwa sala kwenye kikanisa kidogo cha chini, kisha chai, kisha barua mpaka saa nne. Barua zilitoka kila kituo cha reli. Mwalimu wa dini anaomba ubao. Padre wa bara amegombana na jumbe. Mke anauliza kama mume aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge miaka sita bila salamu anahesabika bado ni mume. Kila barua ilijibiwa. Saa nne nilifungua baraza na watu wakaingia, hata wasio wa kwetu: Mwarabu mwenye duka jirani alikuja kila mwezi kuzungumzia ukuta wa shule yetu uliopakana na ua wake, na mazungumzo ya ukuta yalikula saa nzima kwa sababu wote wawili waliyapenda. Baada ya chakula cha mchana mlango ulifungwa, Askofu apumzike. Hiyo ilikuwa amri, na komeo lilikuwa mimi.

Tulipokwenda safari za bara nilifunga sanduku mwenyewe: kofia ndefu, bakora ya kiaskofu iliyofunguliwa vipande vitatu, chupa ya mafuta matakatifu ndani ya pamba, rejista ya kipaimara. Kwenye behewa Askofu alisali, akasinzia, akaamka akaniuliza mke wa padre wa kituo kinachofuata (katika kanisa letu padre huoa) anaitwa nani, na mtoto wake wa mwisho je. Alitaka kumwita kila mtu kwa jina lake. Nilidhani ni adabu ya Unguja.

Masika ya kwanza nilijua ni kitu kingine. Tulikuwa mezani, anajimiminia chai huku ananisimulia jinsi maji yalivyojaa Jangwani mwaka fulani hadi watu wakavushwa mgongoni. Kikombe kilijaa. Chai ikamwagika kwenye sahani, ikatembea mezani, ikazifikia barua, naye bado anamimina na kusimulia. Nikamshika mkono wenye birika.

Aliliweka birika mezani kwa kupapasa. "Umejua tangu lini, Padre?"

"Tangu sasa hivi, Baba."

"Basi katika nchi hii wewe ni wa pili. Wa kwanza ni mimi."

Jicho moja lilikuwa limekwisha kabisa. La pili liliona mwanga na vivuli, na daktari mmoja wa meli alikwisha kumwambia kwamba hata hivyo vivuli si vya kudumu. Aliniomba nisimwambie mtu. Misheni ikijua, alisema, watamrudisha Ulaya, wamweke kwenye nyumba ya mapadre wazee apewe uji na blanketi, na yeye kazi yake haijaisha. Nikaahidi. Natamani kuandika kwamba niliahidi kwa upendo peke yake. Nilimpenda, hilo halina shaka. Lakini askofu mpya angekuja na padre wake, nami ningerudi kwenye kituo cha porini nilikotoka, nifundishe nyimbo huku nafukuza mbuzi kanisani. Mambo yote mawili yalikuwamo kwenye ahadi ile, na hata leo siwezi kuyatenganisha.

Tukatunga namna yetu ya kufanya kazi. Ibada aliijua yote kwa moyo, kwa hiyo kitabu kilikuwa pambo. Mimi nilisimama kushoto kwake, nusu hatua nyuma, nimeshika bakora, na mkono wangu wa kulia ukiwa karibu na kiwiko chake. Nikimgusa mara moja, kuna ngazi. Mara mbili, simama. Nikimbonyeza, mtu yuko mbele yako, nyosha mkono. Kwenye kipaimara nilimnong'oneza jina la kila mtoto. Mtu akija barazani nilisema kwa sauti, "Karibu, mwalimu fulani," kabla mwalimu hajavuka kizingiti. Barua nilimsomea, akanitamkia majibu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, kisha nikaweka kidole changu mahali pa sahihi, naye akaweka kalamu kando ya kidole. Kwa karibu miaka minne hakuna aliyetambua, au hivyo ndivyo nilivyoamini. Nilivimba kichwa. Kuna siku nilimsikiliza akihubiri nikajikuta nafikiri: tunahubiri vizuri.

Mavazi ya kanisa yalishonwa na fundi mmoja aliyekaa na cherehani yake Uhindini, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Baniani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi na maneno machache, sindano zake amezichomeka kwenye ukosi wa shati. Fundi huyu alikuwa ametengwa na kanisa. Mtoto wake wa kike alishikwa na degedege, dawa za hospitali zikashindwa, akampeleka kwa mganga, ikapigwa ramli, mtoto akafungwa hirizi. Akafa hata hivyo. Habari zikatufikia kutoka kwa padre wa Kariakoo, na barua ya kumtenga niliiandika mimi. Nilipomsomea Askofu ile ripoti aliuliza mtoto alikuwa na umri gani. Nikamwambia haikuandikwa. Akatikisa kichwa, nikaweka kidole changu, akaweka sahihi.

Kutengwa hakukumzuia kushona. Kitani cha altare kilipita mikononi mwake kila mara. Ila Jumapili alisimama nje ya mlango wa kanisa la Kariakoo pamoja na wengine waliotengwa, akisikiliza ibada kutoka kwenye mchanga. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sikuona ajabu yoyote ndani yake.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Tukapata habari kwamba misheni inamtuma mgeni kutoka Uingereza, padre mzee, kuja kuangalia kazi. Barua haikutaja macho, lakini iliuliza mara mbili habari za afya ya Askofu, na tukaelewa kwamba kuna mtu amenong'ona. Nikaamua kila kitu king'ae. Nikamwita fundi aje kumpima Askofu kanzu tatu mpya za ibada, nyeupe, za kitani, zenye ukosi mwembamba na mpasuo mfupi kifuani. Alipima taratibu mno, nikatoka nikawaacha.

Alipozileta nilizikagua mimi. Mshono ulikuwa safi. Lakini ndani ya ukosi, nyuma, kila kanzu ilikuwa na fundo la uzi, nene kama punje ya mtama. Nikamwita mpishi awe shahidi, kisha nikamtolea fundi uvivu. Nilimwambia hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza haachi uzi namna hii, na kwamba kama anataka kurudi kundini aanze kwa kuheshimu vitu vya altare. Alilitazama fundo, akanitazama mimi.

"Niwie radhi, Padre," alisema.

Nikachukua wembe wangu wa kunyolea ndevu, nikayakata mafundo yote matatu mbele yake.

Sasa nieleze desturi yetu, kwa sababu siku hizi imekwisha. Aliyemaliza muda wa kutengwa alirudishwa na Askofu mwenyewe. Alisimama mlangoni ameshika mshumaa usiowashwa kwa mkono wa kulia. Askofu alishuka kutoka altareni, akafika mlangoni, akaushika mkono ule pamoja na mshumaa wake, akasema, "Ndugu yetu, ingia, hapa ni kwa Baba yako," akamwongoza mtu huyo katikati ya watu wote hadi mbele, na mshumaa ukawashwa kwa moto wa altare. Kwetu sisi hila ilikuwa rahisi: kiganja cha Askofu kilitafuta mshumaa, na mshumaa haukosewi. Jumapili ambayo mgeni angekuwapo, wa kurudishwa alikuwa mmoja tu, yule fundi.

Siku hiyo mgeni alikaa kiti cha mbele, pembeni, ambapo angeweza kuona altare na mlango bila kugeuza shingo sana. Aliyapanga macho yake vizuri, nami niliona. Tuliteremka kutoka altareni, Askofu na mimi, hatua ishirini na sita. Tulikwisha kuzihesabu Jumamosi kanisa likiwa tupu. Alitembea wima, bila kusita, na nilijua mgeni ameandika hilo kichwani.

Mlangoni fundi alisimama mbele ya wenzake. Kando yake alikuwa mama mmoja muuza samaki wa kukaanga sokoni, aliyetengwa miaka sita kwa kuolewa na mpagazi Mwislamu mbele ya kadhi. Mama huyu hakuwa kwenye orodha. Hakuwa amemwacha mumewe, wala hakuwa na nia ya kumwacha, na alisimama pale kila Jumapili akijua hivyo. Tulipobakiza hatua tatu fundi alishikwa na kikohozi. Akampa mama yule mshumaa amshikie, akatoa leso, akageukia ukutani kukohoa.

Nilikuwa tayari nimembonyeza Askofu kiwiko. Nilibonyeza mapema, ili mkono wake unyooke polepole, kwa utulivu, kama mtu anayeona. Kosa ni langu, na lilikuwa kosa la mtu anayetaka kusifiwa. Mkono ukanyooka, vidole vikaukuta mshumaa, vikaufunika mkono wa mama wa samaki.

"Ndugu yetu, ingia, hapa ni kwa Baba yako."

Mama aliinua macho. Kwanza yalikuwa na hofu tu. Halafu akainua mguu.

Nilipaswa kumgusa Askofu mara mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu yote, kumgusa mzee mmoja mara mbili kwenye kiwiko. Mkono wangu uliinuka, nikamwona mgeni amegeuza kichwa, nikaushusha. Fundi aliondoa leso mdomoni. Alitazama kiganja chake kitupu, akamtazama Askofu anavyokwenda na mama yule, akanitazama mimi. Akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akarudi nyuma hatua moja ili bakora isigonge mlango, nami nikapita.

Vigelegele vilipigwa. Padre wa Kariakoo alituona tunakuja na mtu siye, akakunja uso, lakini askofu ni askofu na nani amhoji katikati ya ibada? Mshumaa ukawashwa. Nilipogeuka kutazama mlangoni, fundi hakuwapo.

Mezani mchana ule mgeni alikuwa mchangamfu. Alisema kwamba huko Ulaya watu wanapenda kutia chumvi, na kwamba amefurahi kuona kwa macho yake. Askofu alikula wali mara mbili. Mgeni alipokwenda kunawa, aliniinamia.

"Fundi mkono ulikuwa ukimtetemeka, maskini," alisema. "Mwambie wiki hii aje tuongee."

"Ndiyo, Baba," nikasema.

Nimetamka maneno mengi mabaya maishani mwangu, mengine kwa hasira na mengine kwa makusudi. Hayo mawili ndiyo ninayoyaonea haya zaidi.

Kesho yake, saa ya mlango kufungwa, mama wa samaki alikuja. Nilikuwa barazani. Alikuwa amefunga kitu kwenye pindo la kanga yake.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba. Baba Askofu amepumzika."

"Nimeleta mshumaa wa fundi."

"Uweke hapo juu ya benchi, uende."

"Siuweki juu ya benchi." Alisema bila kiburi. "Nataka nimpe mwenyewe aliyenishika. Huu si wangu, Padre. Nilimshikia tu."

Nikamwambia kwamba amerudishwa mbele ya watu, vigelegele amepigiwa, sasa anatafuta nini tena. Nikamwambia wapo wanaoitamani bahati hiyo. Nilisikia sauti yangu inapanda na sikuweza kuishusha.

"Wewe ulikuwapo," alisema. "Uliona nilivyoupokea. Unajua."

Dirisha la juu likafunguka. "Padre, ni nani huyo?"

"Ni mtu tu, Baba. Anakwenda zake."

"Ni mimi, Baba!" mama akapaza sauti. "Mimi uliyenishika mkono jana!"

Nilijua anachokisikia: sauti ya mwanamke. Kisha nikasikia ngazi, polepole, kiganja kikiteleza ukutani. Alikuwa hajawahi kushuka peke yake tangu nijue siri yake. Nikakimbia kumpokea, akaniondoa kwa mkono. Alipata kiti cha barazani kwa kupapasa, akakaa.

"Uliona?" aliniuliza.

"Niliona."

"Ukiwa bado mlangoni?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukanigusa?"

"Sikukugusa."

"Kwa nini?"

"Mgeni alikuwa anatazama."

"Ulinyamaza kwa ajili yangu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikwisha kulitengeneza jibu hilo tangu jana, na lilikuwa zuri. "Kwa ajili yetu, Baba," nikasema.

Hakunikaripia. Ningefurahi kama angenikaripia. Alimgeukia mama kwa kufuata pumzi zake. Akamwambia, "Mama, mimi sioni. Nilikushika nikidhani ni mtu mwingine."

"Nilijua si zamu yangu," mama alisema. "Nilifuata tu. Miaka sita hakuna mtu wa kanisa aliyenishika mkono."

Askofu aliinamisha uso. Baadaye akasema kwamba mkono ule hawezi kuufanya kana kwamba haukuwapo. Jumapili aingie akae ndani. Habari ya Meza ya Bwana wataizungumza, yeye na mama na mume wake kama atakubali kuja, na kama hakubali basi Askofu atamfuata sokoni. "Lakini nje usisimame tena," alisema. Halafu, bila kugeuka: "Padre, lete kanzu mpya na stola ya shingoni."

Nilileta. Nilitaka kumvika kama kila siku, akazichukua mikononi mwangu akajivika mwenyewe. Kanzu akaivaa nyuma mbele, mpasuo ukaja mgongoni. Nikaona, nikafungua kinywa, nikatazama uso wake, nikameza maneno yangu. Kwa hiyo hata saa ile nilinyamaza.

Mgeni alikuwa amekuja mlangoni na kitabu chake, ameweka kidole mahali alipoishia. Askofu alimwambia kwa lugha yao, kwa sentensi moja fupi, kwamba ni kipofu na kwamba amelificha jambo hilo miaka minne. Sentensi hiyo ilimaliza kazi ya Askofu. Miezi mitatu baadaye aliondoka na meli, akapelekwa kwenye ile nyumba ya uji na blanketi, na mimi nikarudi kwenye mbuzi wangu. Alijua itakuwa hivyo alipokuwa akiitamka. Hakungoja kujibiwa.

"Nikuguse kiwiko, Baba?" nikauliza.

"Leo hapana. Nishike kama anavyoshikwa kipofu."

Nikampa bega, akaweka mkono. Tukatoka hivyo, jua la saa nane likiwa juu ya vichwa vyetu, mama wa samaki nyuma yetu. Barazani kwa Baniani cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na mwenye duka akatuambia kwamba fundi leo hakuja na hakutuma salamu. Tukavuka Mnazi Mmoja, mahali pasipo kivuli, tukaingia Kariakoo kwenye mchanga. Nilikuwa nimepita njia ile mara mia, nimenyanyua shingo. Sasa watu waliacha kupatana bei wakatutazama: mzee mrefu aliyegeuza kanzu, mkono begani mwa Padre wa Askofu. Wakamwamkia. Na yeye, ambaye siku zote aliwajibu kwa majina niliyomnong'oneza, safari hii alisimama kwa kila mmoja. "Marahaba. Mimi sioni, niwie radhi. Wewe ni nani?" Wakamwambia. Ilitupotezea muda mwingi sana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, halafu karibu na soko nikaacha kutamani, kwa kuwa niliona watu wanafurahi kuulizwa.

Fundi alikaa kwenye kizingiti cha chumba chake, anafumua suruali ya mtu. Alitutazama tukija mpaka tukasimama mbele yake. Akaweka kazi chini, akasimama.

"Shikamoo, Baba. Kanzu umeigeuza."

"Nimeigeuza?"

"Mpasuo uko mgongoni."

Askofu alipapasa kifua chake, akapapasa mgongo. Akacheka kidogo, cheko la kuchoka. "Toka bandarini mpaka hapa, hakuna aliyeniambia."

Fundi akanitazama. Hakunitazama kwa chuki. "Lile fundo lingekuambia, Baba."

"Fundo gani?"

Nikasema mimi, kwa sababu angalau hilo ningeweza kulisema. Nikasema kulikuwa na fundo la uzi ndani ya ukosi wa kila kanzu, kwa nyuma, na kwamba niliyakata kwa wembe nikidhani ni uzembe.

"Nilipokuja kukupima," fundi alimwambia Askofu, "nilikupa vipande viwili vya kitani uchague, kimoja cheupe, kimoja cha rangi ya maziwa. Ulivisugua kwa vidole. Hukuvitazama. Nikaona nikutilie alama, ukipapasa ujue mgongo ni upi."

"Kwa hiyo ulijua." Askofu alivuta pumzi. "Na jana? Ulikuwa pale pale mlangoni. Ungeniita tu."

Fundi alikohoa kwanza, akafuta mdomo. "Yule mgeni alikuwa amekaa mbele, Baba. Ningesema, angejua."

Askofu alinyosha mkono hewani, akautafuta mkono wa fundi mpaka akaupata, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Akamwomba radhi. Hakusema maneno ya kitabuni. Mama wa samaki alifungua pindo la kanga, akauweka mshumaa kwenye mkono ule ule, akasema, "Fundi, mzigo wako." Askofu akataka twende kanisani dakika ile ile, mlango ufunguliwe, hata kama hakuna watu ndani.

"Ngoja kwanza, Baba," fundi alisema. "Huwezi kwenda hivyo."

Akamwingiza kizingitini, akamgeuzia kanzu, akaiweka sawa mabegani kama alivyofanya siku ya vipimo. Kisha akanipa mimi mshumaa nishike. Akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akatia uzi, akamwambia Askofu ainame. Mzee akainamisha shingo. Majirani walikuwa wametoka kwenye vyumba vyao na kusimama uani na barabarani. Fundi alishona taratibu, akizungusha uzi juu ya uzi mpaka fundo likanenepa.

Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua nianzie wapi, kwa barua, kwa wembe au kwa mlango. Kilichonitoka ni swali ambalo nilipaswa kumuuliza mwaka mmoja na nusu nyuma.

"Mtoto alikuwa na umri gani?"

Sindano ikasimama. "Minne," alisema. "Alikuwa anakaribia mitano." Akakaza fundo, akakata uzi kwa meno, akauchukua mkono wa Askofu akaupeleka nyuma ya ukosi ili alipapase mwenyewe. Nikamrudishia mshumaa wake, tukaenda kanisani.